Mshahara Uko Indiana, Nyumba Iko Wisconsin

Ijumaa usiku, kiwanda cha magari cha General Motors (GM) nje ya mji wa Fort Wayne, jimbo la Indiana, kilipofunga kazi ya wiki, baadhi ya wafanyakazi wake hawakwenda kulala. Waliingia kwenye magari, mara nyingi watatu au wanne pamoja ili wachangie mafuta, wakashika barabara ya kuelekea magharibi. Walikuwa wameshinda wakiunganisha pikapu. Mbele yao kulikuwa na safari ya karibu kilomita 450: kupita mashamba ya mahindi, kuzunguka jiji la Chicago, kisha kupanda kaskazini hadi Janesville, mji wa watu wapatao 63,000 katika jimbo la Wisconsin. Barabara ikiwa kavu, safari hiyo huchukua muda wa saa nne na nusu. Theluji ikianguka, ni Mungu tu ajuaye.

Wakifika walilala kidogo, wakakata nyasi, wakarekebisha bomba linalovuja, wakaenda kutazama mechi ya mtoto. Wikendi ikiisha, waligeuza gari. Hata saa zao zilikuwa mbili, kwa kuwa Fort Wayne iko saa moja mbele ya Janesville, na baba aliyetaka kumpigia mwanawe simu kabla hajalala ilibidi apige hesabu kwanza.

Wenyewe walijiita wahamahamaji wa GM. Hawakuwa vibarua wasio na makao. Walikuwa na nyumba, watoto walioko shule na wazazi wazee wanaoishi mtaa wa pili. Kilichowasukuma barabarani ni mshahara. Fort Wayne, kwa mkataba wa chama chao cha wafanyakazi, UAW, walilipwa dola 28 kwa saa kama walivyolipwa Janesville kabla kiwanda chao hakijafungwa mwishoni mwa 2008. Kazi waliyoweza kuipata nyumbani, kama ilipatikana, ilikaribia nusu ya hapo. Wenzao wengine walikwenda mbali zaidi, Kansas City au Arlington, Texas, ambako hakuna kurudi kila wikendi.

Msomaji atauliza kwa nini hawakuhamisha familia. Jibu la kwanza ni nyumba. Mwishoni mwa 2009 Wamarekani zaidi ya milioni 11, karibu robo ya wote waliokuwa na mikopo ya nyumba, walidaiwa na benki fedha nyingi kuliko bei ambayo nyumba zao zingefikia sokoni. Kuuza kulikuwa na maana ya kuondoka bila nyumba na deni bado lipo. Jibu la pili ni mke au mume: mmoja amepoteza kazi kiwandani, lakini mwenzake bado anafundisha shule au anauguza hospitalini, na mshahara huo hauchezewi wakati kama ule. Jibu la tatu ni pensheni. Katika viwanda vya GM mfanyakazi alistaafu na pensheni kamili baada ya miaka 30, na mtu aliyekwishatumikia miaka 22 aliona ni heri avumilie minane ya barabara kuliko kuanza upya sehemu nyingine akiwa na miaka 45.

Basi baba akawa mgeni wa wikendi, na mama akabaki na watoto, bili na majembe ya kuzolea theluji.

Kiwanda kilichozoea kurudi

Janesville haukuwa mji wa kubahatisha. George Parker alianzisha hapo kampuni ya kalamu za Parker mwaka 1888. General Motors walifika mwaka 1919, wakaanza na matrekta, na Februari 14, 1923 gari la kwanza la Chevrolet likatoka kiwandani. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia mitambo ilitengeneza makombora ya mizinga. Kufikia 1978 kiwanda kilikuwa na wafanyakazi kama 7,000. Kijana alimaliza sekondari, akaingia pale alikoingia baba yake na kabla yake babu yake, na kwa mshahara wake mmoja akanunua nyumba, akasomesha, na pengine akaweka boti ya kuvulia samaki nyuma ya gereji.

Shida haikuwa ngeni. Anguko Kuu la uchumi la miaka ya 1930 lilikifunga kiwanda mwaka 1932. Kikafunguliwa tena Desemba 1933. Mwaka 1986 kampuni iliihamishia Fort Wayne kazi ya kutengeneza pikapu, na wafanyakazi wapatao 1,200 wakaifuata. Hata hivyo kiwanda kikapata magari mengine ya kuunda. Kwa hiyo wakazi walikuwa na kumbukumbu ya kuwafariji: kiwanda hulala, kisha huamka. Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyokuja kuwagharimu.

Februari 13, 2008, mgombea urais Barack Obama alisimama ndani ya kiwanda hicho akawaambia wafanyakazi kwamba serikali ikiwaunga mkono, kiwanda kitakuwepo miaka mia nyingine. Wakati huo Janesville iliunda Tahoe, Suburban na Yukon, magari makubwa ya familia yanayokunywa mafuta bila huruma. Miezi michache baadaye bei ya petroli Marekani ilivuka dola 4 kwa galoni, na wanunuzi wakayakimbia. Juni 3, mkuu wa GM, Rick Wagoner, alitangaza kufungwa kwa viwanda vinne vya magari makubwa, Janesville kikiwemo. Septemba 15 benki ya Lehman Brothers ikafilisika, mikopo ikakauka nchi nzima, na aliyetaka kununua gari jipya hakupata wa kumkopesha. Muda uliokuwa umeahidiwa kwa wafanyakazi ukafupishwa.

Desemba 23, siku mbili kabla ya Krismasi, kabla jua halijachomoza, Tahoe ya mwisho ilifika mwisho wa mstari. Ilikuwa nyeusi, yenye viti vinavyopashwa moto na bei ya zaidi ya dola 57,000. Wafanyakazi waliiacha mitambo, wakalizunguka gari, wengine wakapiga picha wakiwa wameshika bango lenye tarehe ya siku hiyo. Wastaafu waliokuwa wameunda magari hapo kwa miongo kadhaa walikuja kuliaga. Siku hiyohiyo, GM ilifunga kiwanda kingine huko Moraine, Ohio.

Kilichofuata hakikuishia kwenye lango la GM. Kampuni ya Lear, iliyokuwa na wafanyakazi kama 800 mjini humo wakitengeneza viti vya magari hayo, haikuwa tena na viti vya kutengeneza. Wasafirishaji wa vipuri, wenye migahawa, waleaji wa watoto na mafundi waliokuwa wakijenga vyumba vya ziada, wote wakakosa wateja. Katika mji na vitongoji vyake ajira zipatazo 9,000 zilipotea mwaka 2008 na 2009, na ukosefu wa ajira wilayani ukavuka asilimia 13. Nchi nzima ilipoteza ajira kama milioni 8.7 katika mdororo wa uchumi wa wakati huo, zaidi ya theluthi mbili zikiwa za wanaume. Oktoba 2009 ukosefu wa ajira kitaifa ulifika asilimia 10.

Nguzo moja, paa zima

Mtu aliyezoea nchi ambako ndugu, shamba na biashara ndogo humshikilia mtu anapoanguka anaweza kudhani kwamba Mmarekani akipoteza kazi amepoteza mshahara tu. Ukweli ni kwamba Marekani imeisimamisha kazi kama nguzo moja inayobeba paa zima: bima ya afya, mkopo wa nyumba, pensheni, hata sifa ya kukopeshwa gari. Nguzo ikiondoka, kinachobaki mahali pake ni kidogo.

Bima ya afya inatosha kuonyesha jambo hili. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia serikali ilizuia waajiri kupandisha mishahara, nao wakaanza kuwavuta wafanyakazi kwa kuwapa bima. Baadaye sheria za kodi zikaupendelea mpango huo, ukakita mizizi. Kwa hiyo aliyeachishwa kazi wakati ule alipoteza na daktari wake. Sheria ya mwaka 1985, ijulikanayo kama COBRA, inamruhusu kubaki katika bima ya mwajiri wake wa zamani, kwa kawaida kwa miezi 18, lakini anailipia yote mwenyewe, pamoja na asilimia 2 juu. Mwaka 2008 bima ya familia iliyopatikana kazini iligharimu wastani wa dola 12,680 kwa mwaka. Mfanyakazi alikuwa akikatwa takriban robo ya fedha hizo, na iliyobaki mwajiri aliilipa kimyakimya. Wengi waliijua bei kamili siku barua ya COBRA ilipoingia sandukuni.

Chukua karatasi upige hesabu. Mtu aliyelipwa dola 28 kwa saa alipata dola 1,120 kwa wiki kabla ya kodi, bila ovataimu. Fidia ya ukosefu wa ajira katika Wisconsin ilikuwa chini ya dola 400 kwa wiki, yaani kama dola 1,700 kwa mwezi kwa aliyepata kiwango cha juu kabisa. Toa bima ya familia, zaidi ya dola 1,000. Kinachobaki ni kama dola 650 za kulipia mkopo wa nyumba, gari, gesi ya kupashia nyumba joto wakati wa baridi ya Wisconsin, na chakula. Hapo maji yamezidi unga. Waliotoka GM walipata nyongeza kwa muda kupitia mkataba wa chama chao. Wengi wa waliokuwa wakiwahudumia hawakuwa na mkataba kama huo. Mwaka 2009 serikali ya shirikisho ilianza kuwalipia watu asilimia 65 ya gharama ya COBRA, lakini kwa muda tu.

Kejeli ya historia ni kwamba Wisconsin ndiyo iliyoanzisha fidia ya ukosefu wa ajira. Ilipitisha sheria ya kwanza ya bima ya ukosefu wa ajira nchini mwaka 1932, miaka mitatu kabla ya Rais Franklin Roosevelt kusaini sheria ya hifadhi ya jamii iliyoueneza mpango huo katika majimbo yote. Hundi ya kwanza, iliyolipwa mwaka 1936, ilikuwa ya dola 15. Katika mdororo wa 2008 Bunge la Marekani liliongeza muda wa kulipwa hadi wiki 99 katika majimbo yaliyoathirika zaidi, karibu miaka miwili. Wapo waliozimaliza zote bila kupata kazi.

Chakula kilifuata. Mwaka 2007 Wamarekani kama milioni 26 walipokea msaada wa serikali wa kununua chakula, unaoitwa SNAP. Mwaka 2013 walikuwa zaidi ya milioni 47. Msaada huu huja kwa kadi inayofanana na ya benki, jambo linalompunguzia mtu aibu kwenye foleni ya duka. Lakini katika mji ambako mwenye duka, mteja na jirani wamesoma darasa moja, kadi haifichi mengi. Kulikuwa na wanaume waliokuwa wakichangia kila Desemba kampeni ya chakula ambayo wafanyakazi wa GM waliiendesha kwa familia maskini za mji. Sasa walisimama upande wa pili wa meza.

Akiba nayo ilikuwa nyembamba kuliko nyumba zao zilivyoonekana kwa nje. Benki Kuu ya Marekani ilipowauliza watu wazima mwaka 2013 kama wangeweza kulipia dharura ya dola 400 kwa fedha walizonazo, ni nusu tu waliosema wangeweza. Waliobaki wangekopa, wangeuza kitu, au wangeshindwa kabisa. Dola 400 ni tairi nne za bei ya chini, au jino moja bovu.

Saa 16 na dakika 49

Watoto waliona mapema kuliko wazazi walivyodhani. Katika shule ya sekondari ya Parker, iliyopewa jina la yule mwanzilishi wa kampuni ya kalamu, mwalimu mmoja aligeuza chumba cha stoo kuwa mahali pa wanafunzi kujichukulia walichokosa nyumbani. Rafu zilipangwa suruali za jinzi za mitumba, supu za makopo, dawa ya meno, shampuu, sabuni. Mwanafunzi aliingia kwa siri, akajaza mkoba, akatoka bila kuulizwa. Baadhi yao walikuwa watoto wa familia ambazo miaka miwili nyuma zilikuwa zikitoa misaada ya aina hiyohiyo. Vijana wengine walifanya kazi baada ya shule, si kwa ajili ya nguo mpya, bali kununua maziwa na mkate wa nyumbani, na wengine walimpa mama fedha hizo bila baba kujua.

Kisha kulikuwa na wasio na nyumbani kabisa. Mwaka 2010 filamu ya hali halisi iliyotengenezwa huko iliwafuata vijana wa eneo hilo waliokuwa wakiishi bila wazazi na bila makazi ya kudumu, leo kochi la rafiki, kesho kwa shangazi wa rafiki. Jina lake ni namba: 16:49. Ni muda, saa 16 na dakika 49, kati ya kengele ya kutoka shule na kengele ya kuingia kesho yake. Shuleni kuna joto, chakula na mtu mzima. Muda huo mwingine mtoto anajitafutia. Baada ya filamu hiyo wakazi walianzisha mradi wenye jina hilohilo wa kuwatafutia vijana mahali pa kulala.

Ndani ya nyumba mabadiliko yalikuwa ya kimyakimya zaidi. Katikati ya miaka ya 1930 mtaalamu wa elimu ya jamii Mirra Komarovsky alizichunguza familia 59 ambazo baba alikuwa amekosa kazi kwa muda mrefu, na kitabu chake kikatoka mwaka 1940. Aligundua kwamba katika nyumba nyingi heshima ya baba haikuanguka, lakini pale ilipokuwa imeegemea kwenye fedha anazoleta, iliporomoka pamoja nazo. Katika Janesville ya 2009 hali ilikuwa na sura nyingine: mke aliyekuwa akifanya kazi za saa chache akawa ndiye mwenye mshahara na bima, na mume akajifunza kupika huku akisubiri simu. Ndoa zilizovunjika nchini hazikuongezeka kwa kishindo kama ilivyohofiwa, kwani hata talaka ina gharama, na nyumba isiyouzika haigawanyiki. Kilichoonekana wazi ni uzazi. Mwaka 2007 Marekani ilipata watoto zaidi ya milioni 4.3, rekodi ya nchi. Kufikia 2010 idadi ilikuwa imeshuka chini ya milioni 4.

Kurudi darasani ukiwa na miaka hamsini

Viongozi wa pande zote walikuwa na dawa moja waliyokubaliana, jambo la nadra Washington: mafunzo mapya. Fedha za serikali zikaja, na waliopoteza kazi wakafurika Blackhawk, chuo cha ufundi cha wilaya hiyo. Maegesho yakajaa, magari yakaegeshwa kwenye nyasi. Watu waliofunga boliti kwa miaka 25 wakakaa madawati ya mbele kujifunza uuguzi, umeme na ulinzi wa magereza.

Walimu wakakutana na wanafunzi wasiojua kuwasha kompyuta. Wengine waliposikia kwamba kazi ya nyumbani haipokelewi ikiwa imeandikwa kwa mkono, walikusanya vitu vyao wakaondoka. Waliobaki walisoma kama watu walio katika mbio za uhai, wakamaliza na alama nzuri, na baadhi wakapata kazi katika jela ya wilaya iliyolipa kama dola 16 kwa saa.

Mwandishi wa habari Amy Goldstein, aliyeandika kitabu kizima kuhusu mji huo mwaka 2017, alishirikiana na wataalamu wa uchumi kuchunguza rekodi za ajira na mishahara. Matokeo yaliwashangaza hata wao. Waliokwenda Blackhawk walikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kuwa na kazi ya kudumu kuliko waliopoteza kazi wasiende shule, na mishahara yao ilikuwa chini zaidi. Sababu moja inaelezeka kwa urahisi: wakati wengine wako darasani, wenzao walizikamata nafasi chache zilizokuwepo. Ukimfundisha mtu kazi ambayo mji hauna, unampa cheti tu.

Tafiti za kwingine zinaonyesha kwamba jeraha hili halipoi haraka. Utafiti maarufu wa wafanyakazi wa Pennsylvania waliopunguzwa kazini miaka ya 1980, uliochapishwa mwaka 1993 na Louis Jacobson, Robert LaLonde na Daniel Sullivan, ulionyesha kwamba hata baada ya miaka kadhaa waliokuwa na utumishi mrefu walikuwa wakipata kama robo pungufu ya kile ambacho wangepata kama wasingepoteza kazi. Mwaka 2009 Sullivan na Till von Wachter wakaongeza jambo zito zaidi: kwa wanaume wenye utumishi mrefu, uwezekano wa kufa katika mwaka unaofuata kuachishwa kazi ulipanda kwa asilimia 50 hadi 100.

Kusubiri

GM yenyewe ilifilisika Juni 1, 2009, ikaokolewa kwa fedha za walipa kodi. Wiki chache baadaye ilichagua kiwanda kimoja cha kuunda gari dogo jipya. Wisconsin iliahidi vivutio vya mamilioni ya dola, Michigan ikaahidi zaidi kwa mbali, na kazi ikaenda Orion, Michigan. Lakini Janesville hakikutangazwa kuwa kimekufa. Kilipewa hadhi ya kusubiri, pamoja na kile cha Spring Hill, Tennessee, ambacho baadaye kilifunguliwa. Kwa hiyo watu wakaahirisha maamuzi: kuuza nyumba, kuhama, kuanza biashara. Mkataba wa GM na UAW wa 2015 ndio uliokifunga moja kwa moja, na mwaka 2018 mitambo ya kubomolea ikaingia.

Takwimu za mji zilipona. Kufikia 2017 ukosefu wa ajira Janesville ulikuwa chini ya asilimia 4, na mwaka huo maduka ya Dollar General yalifungua ghala kubwa lililoajiri mamia ya watu kwa dola kama 15 au 16 kwa saa. Asilimia haisemi tofauti kati ya saa moja ya dola 28 na saa moja ya dola 15. Katika sekta ya magari yenyewe mkataba wa 2007 ulikuwa umeruhusu wanaoajiriwa wapya kulipwa karibu nusu, kama dola 14, wakisimama kwenye mstari mmoja na wenzao wa zamani. Huko Moraine, kampuni ya Kichina ya vioo vya magari, Fuyao, ilikifufua kiwanda kilichofungwa siku moja na cha Janesville. Baadhi ya waliorudi walikuwa wakipata zaidi ya dola 28 kwa saa enzi za GM; sasa walianza na chini ya dola 13.

Miezi sita ya jaribio

Janga la corona lilileta anguko la kasi kuliko yote. Aprili 2020 peke yake Marekani ilipoteza ajira zaidi ya milioni 20, na ukosefu wa ajira ukaruka hadi karibu asilimia 15. Tarehe 9 mwezi huo, huko San Antonio, Texas, familia kama 10,000 zilipanga magari katika uwanja wa soko zikisubiri maboksi ya chakula, safu kwa safu, mengi yakiwa magari mazuri.

Safari hii serikali ilifungua mfuko haraka. Kila mtu mzima mwenye kipato cha kawaida alipelekewa dola 1,200, na aliyekosa kazi aliongezewa dola 600 kwa wiki juu ya fidia ya jimbo lake hadi mwisho wa Julai. Kuanzia Julai 2021 wazazi walio wengi wakaanza kupokea kila mwezi dola 300 kwa kila mtoto wa chini ya miaka sita na dola 250 kwa wakubwa. Fedha hizo za watoto zilikuwa na upya wake: mzazi asiye na kazi alizipata sawa na mwenye kazi. Kwa mara ya kwanza sehemu ya paa ilitenganishwa na ile nguzo. Umaskini wa watoto, kwa kipimo kinachohesabu misaada na kodi, ulishuka hadi asilimia 5.2 mwaka 2021, kiwango cha chini kuliko vyote vilivyowahi kuandikwa.

Malipo ya mwisho yaliingia Desemba 15, 2021. Seneta Joe Manchin wa West Virginia, ambaye kura yake ndiyo iliyohitajika, alitaka yaendelee kwa wazazi wanaofanya kazi tu, na mpango ukafa. Juni mwaka uliofuata mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.1 na petroli ikavuka dola 5 kwa galoni. Umaskini wa watoto ukapanda hadi asilimia 12.4 katika mwaka huo mmoja. Kima cha chini cha mshahara wa shirikisho kilibaki dola 7.25 kwa saa, kama kilivyowekwa Julai 2009, na Wisconsin ni miongoni mwa majimbo ambayo hayajaongeza hata senti juu yake.